Utingo Aliyependa Neno Moja

SURA YA SITA

"Kip ni kufuga," alisema Mama Damari bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria ya chai. "Mimi hapa na-kip kuku. Uliza mtu yeyote Mafinga."

"Nani alikufundisha?" aliuliza Sajini Silvester.

"Kwani Kiingereza nacho kimekuwa kosa?"

"Si kosa. Namuulizia mwalimu."

"Ukimaliza kunywa chai nitakumbuka. Ukinunua na andazi nitakumbuka upesi zaidi."

Sajini akanunua maandazi mawili, moja lake na moja la mzee aliyekaa naye bega kwa bega kwenye benchi. Sajini alikuwa Mbena wa Njombe, mwenye sura ya upole kiasi kwamba wezi wengi wa Mbeya walimhurumia mpaka walipojikuta ndani. Mzee aliitwa Lutengano, wa Tukuyu. Alivaa koti zito lililokuwa la mtu mnene kuliko yeye, na kofia aliyoivua kila aliposemeshwa, hata na mtoto. Hakuwa askari wala mshitakiwa. Polisi walimchukua kwa kazi moja tu, kumtambua mwanawe.

Mwana mwenyewe ni Andendekisye, utingo wa lori la Bwana Premji, mfanyabiashara wa Mbeya. Wakati wa masika lori hilo lilipakia mchele Rujewa kuupeleka dukani kwa Harilal, Iringa. Mchele haukufika. Lori likarudi Mbeya tupu, na dereva wake, Asukile, akaapa kwa macho makavu kwamba homa ilimlaza Makambako, na alipoamka akakuta utingo ameuza mzigo mzima na kuyeyuka. Picha ya utingo hakuna. Premji hakujua hata jina lake lote. Pale dukani walimwita Kip.

Jina hilo lilikuwa na asili yake. Alipokuwa kijana, Andendekisye aliosha vyombo katika nyumba ya Mzungu mmoja Mbeya, na kutwa nzima alimsikia mama mwenye nyumba akitamka neno moja. Mlango, kip. Mbwa, kip. Kelele, kip. Maziwa, kip. Akashangaa jinsi neno moja lilivyofanyishwa kazi zote mle ndani kama yaya asiye na likizo. Alipokuwa utingo akaanza kuzikusanya maana zake, na kila mahali lori liliposimama aliacha moja kwa watu wa pale, kama mtu anayegawa mbegu.

Basi Sajini Silvester hakuwa na picha, ila alikuwa na neno. Kutoka Mbeya aliuliza swali hilo hilo: kip maana yake nini? Aliyecheka na kusema hajui, sajini alimuaga kwa heri. Aliyejibu, sajini alivuta kiti. Fundi wa baiskeli wa Chimala alisema ni kushikilia. Bibi mmoja wa Igawa alisema ni kunyamaza, halafu akanyamaza kweli. Karani wa mashine ya kusaga ya Makambako, kijana mchangamfu aliyekuwa amekaa juu ya rundo la magunia yaliyoshonwa kwa uzi wa buluu, alisema ni kubaki na chenji, tena akaongeza kwamba Asukile dereva ni rafiki mkubwa wa bwana wake, wanakunywa pamoja. Sajini mwenyewe alijua maana moja tu, ile ya kwenye vibao vya barabarani: pita kushoto.

"Haya, nimekumbuka," Mama Damari alisema andazi lilipoliwa nusu. "Ni Kip wa lori. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa masika. Kaja kwa miguu, mchana kweupe. Nikamwuliza, lori limekushinda?"

"Alikuwa na mzigo?"

"Mzigo wa njaa. Aliniomba ukoko wa ugali. Mimi sijawahi kumwona Kip akiomba. Magoti yamechubuka, viganja vimechubuka, miguu mitupu. Akasema ameanguka. Nikamwambia, baba, mtu anayeanguka mwenyewe huanguka upande mmoja. Wewe umeangushwa."

"Akasema nini?"

"Akacheka. Akala. Akaelekea Iringa."

Sajini akaingiza mkono kwenye mkoba wake wa turubai, akatoa katambuga, yale makubazi ya tairi la gari, pea moja. Alikuwa ameyakuta chini ya kiti cha utingo ndani ya lori la Premji. Akayaweka juu ya benchi kati yake na mzee.

Mzee Lutengano alikuwa ameshayaona Mbeya. Hata hivyo akalichukua la kushoto na kulipapasa upande wa nje, palipolika zaidi.

"Huu mguu ulivunjika alipokuwa mdogo," alisema. "Tangu hapo anakanyaga hivi."

"Ulishaniambia, baba."

"Naam. Nimependa tu kusema tena."

Sajini akanywa chai yake. "Mtu ameuza lori zima la mchele," alisema polepole, kama anayejisomea. "Anakimbia na fedha. Anasahau viatu ndani ya lori alilolikimbia. Kisha anafika Mafinga kuomba ukoko."

"Kwa hiyo mwanangu si mwizi!"

"Kwa hiyo mwanao hakuwa na viatu. Ya wizi bado."

Mama Damari akaguna. "Askari wewe mgumu kama andazi la juzi."

"Hili je ni la lini?" aliuliza sajini, akilitazama la kwake.

Mama Damari akakoroga chai yake.

Walilala Mafinga, na asubuhi wakapata lifti ya gari la mbao. Njiani sajini akauliza jambo alilolihifadhi tangu Mbeya.

"Mzee, unafahamu kwamba ukinionyesha, nitamfunga?"

"Nafahamu."

"Na umekuja hivyo hivyo?"

"Bwana sajini, kuna njia nyingine ya mimi kumwona?" Mzee alitazama misitu ikipita. "Nilimtolea ng'ombe binti wa jirani, Alinanuswe, msichana mzuri, mkulima. Mwanangu akamkataa. Nikamwambia asikanyage uani kwangu mpaka amchukue yule. Maisha yake yote hakuwahi kunitii vizuri. Siku ile akatii. Hajakanyaga mpaka leo."

"Na Alinanuswe?"

"Ana watoto, kwa mume mwingine. Ng'ombe walirudi. Wao walirudi."

Duka la Harilal lilikuwa mtaa wa juu ya soko la Iringa, lenye harufu ya bizari na mafuta ya taa. Harilal alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hasira iliyokaa masika yote bila kupata wa kummwagia. Alipoiona kofia ya askari akaona amempata.

"Mchele wangu! Miezi yote natuma salamu Mbeya, Premji anasema kwa Harilal subiri, mimi nasubiri, wateja wangu wanakwenda kwa mtu mwingine. Sasa serikali imekuja. Kunywa chai kwanza. Kumud! Chai!"

Sajini akanywa chai, maana alikuwa hajakataa chai tangu aandikishwe upolisi. Macho yake lakini yalikuwa nyuma ya kaunta. Kulikuwa na magunia ya mchele yaliyopangwa mpaka dirishani, mengi kwa mtu anayelia kwamba hakupata mchele. Akayakaribia. Akainama. Akavuta mshono wa moja kwa ukucha.

"Mchele huu wa wapi, Bwana Harilal?"

"Wa Kilombero. Nimenunua ghali."

"Una hakika?"

Harilal akavua miwani. "Ati! Unafikiri nimejiibia mwenyewe? Tazama uzi! Uzi mweupe. Mchele wa Premji wote anashona uzi wa buluu, Mbeya mpaka Iringa kila mtu anajua. Mimi na Premji ni watoto wa ndugu, uzi wake naujua kuliko sura yake."

Sajini Silvester akabaki ameinama vile vile, ukucha kwenye mshono. Kisha akanyooka taratibu, akarudi kwenye chai yake na kuiangalia kana kwamba ndani yake mna karani wa Makambako aliyekalia rundo la magunia.

"Nini?" aliuliza mzee.

"Nilikuwa nimemtazama usoni," alisema sajini. "Ningemtazama makalio."

Harilal akamgeukia binti yake aliyeleta chai. "Huyu mgonjwa?"

Kumud alikuwa msichana wa miaka ya shule, mwenye msuko mmoja mrefu na kalamu ya risasi sikioni kama fundi seremala. Sajini akamwuliza swali lake la njiani. Kumud akacheka mara moja.

"Kip amewatuma? Yuko wapi? Ananidai maana mbili."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimfundisha?"

"Kila lori likifika anakuja hapa kaunta. 'Dada Kumud, safari hii nipe moja.' Nampa moja. Kip ahadi, kuitimiza. Kip duka, kuwa na duka. Kip siri. Kip mtu anasubiri, kumchelewesha. Nikamwambia maneno mengine yapo, kaka, jifunze na mengine. Anasema hapana, hili halijaisha."

Mzee Lutengano akavua kofia. "Binti yangu. Mimi sikusoma. Neno hili, ukilikamua lote, linabaki nini?"

Kumud akaitoa kalamu sikioni, akaiangalia ncha yake. "Sijui kama nitasema sawa, Babu. Naona yote yana kitu kimoja ndani. Kitu kipo mikononi mwako, nawe hukiachii."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaivaa kofia, akaivua tena, na mwishowe akabaki ameishika.

"Safari yake ya mwisho hapa," sajini alimwuliza Harilal, "alinunua kitu?"

"Kaniki. Kipande kipana. Nikamwambia kaniki nguo ya wazee, chukua khanga nzuri, umpendeze mtu. Akasema hii si ya kuvaa, ni ya kuweka. Mimi nimeuza nguo tangu sina ndevu, sijasikia mtu ananunua kaniki ya kuweka."

"Ya nani?"

"Hakusema."

"Muuza ulezi," alisema Kumud. Baba yake akamkazia macho. "Si kila mara alikuwa na mfuko wa ulezi? Alinigawia. Alisema kuna dada sokoni, mlango wa chini."

Kwenye mlango wa chini wa soko wauza ulezi walikuwa watatu, wawili wao wazee wa kutosha kumzaa sajini. Wa tatu alikuwa mwanamke kijana, mrefu, amefunga khanga ya manjano, amekaa kwenye kigoda mbele ya magunia yaliyojaa. Wenzake walimwita Juliana. Sajini akamwacha mzee nje, akinunua ugoro, akaenda peke yake.

"Kamwene," alisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, baba. Ulezi? Kipimo kikubwa au kidogo?"

"Namtafuta mtu. Andendekisye."

"Jina refu hilo. Si la huku."

"Utingo. Wengine wanamwita Kip."

"Watingo wanapita wengi, baba. Wananunua, wanaenda. Mimi naangalia kipimo, siangalii sura."

"Kip maana yake nini?"

"Sijui Kiingereza."

"Sijasema ni Kiingereza."

Juliana akakung'uta ulezi uliomshika viganjani. "Si Kihehe, si Kiswahili, na anayeuliza ni askari. Litakuwa lugha gani?"

Mmoja wa wale bibi akacheka mpaka akakohoa. Sajini alikubali kwamba bao hilo limeingia. Akajaribu njia nyingine, akajaribu na ya tatu, na kila moja Juliana aliifunga kwa ustaarabu kama mtu anayefunga mdomo wa gunia. Hakutetemeka. Hakutazama pembeni. Hata sajini, aliyekwisha kuhoji waongo wa kila kabila kutoka Tunduma mpaka hapa, alianza kuamini kwamba msichana wa Harilal amekosea mlango.

Wakati huo mzee Lutengano akaja akijikongoja kati ya vikapu, ugoro umemwingia puani, anapiga chafya.

"Twende, Mzee Lutengano," sajini alisema akigeuka. "Hapa hakuna mtu wetu."

Nyuma yake kigoda kikaanguka.

Alipogeuka, Juliana hakuwapo. Kipimo kilikuwa chini, ulezi unatiririka kwenye saruji kama mchanga, na wale bibi wawili wamesimama na vinywa wazi.

"Juliana! Nyoka? Nyoka yuko wapi?"

Sajini akachungulia juu ya magunia. Nyuma ya magunia hayo, ukutani kabisa, palikuwa na kitu cheusi kilichojikunyata. Ilikuwa kaniki, pana, mpya, mikunjo ya dukani ingali imesimama. Haikuwahi kuvaliwa hata siku moja. Chini yake mtu alikuwa akihema.

Akageuka kumwita mzee, akakuta mzee naye amegeuza mgongo. Alikuwa ameelekea mlangoni, kofia ameiweka usoni kama mtu anayeswali ndani yake, na mabega yanacheza.

"Mzee, umepatwa na nini?"

"Usinigeuze, mwanangu. Usinigeuze. Mke wa mwanangu yuko hapo nyuma."

Sajini alikuwa ameishi Mbeya muda wa kutosha, tena alikwisha kutumwa Tukuyu mara nyingi. Alikwisha kuona wanawake wa Kinyakyusa wakiacha njia nzuri na kutumbukia kwenye migomba yenye umande, na mizigo kichwani, kwa sababu tu baba mkwe ametokea kwenye kona. Mkamwana hamtazami baba mkwe, na baba mkwe hamtazami mkamwana. Kila aliyezaliwa kule amelijua hilo kabla ya meno ya pili. Mdomo wa Juliana ulikuwa umekana vizuri sana. Miguu yake haikuulizwa.

"Lakini wewe ni Mhehe," sajini aliiambia kaniki.

"Ndiyo," ilijibu kaniki.

"Wahehe hamfanyi hivi."

"Hatufanyi."

"Basi nani kakufundisha?"

Jibu likaja kwa sauti ndogo: "Mume wangu."

"Mwulize," mzee alisema akiwa ameelekea mlangoni, "mwulize jina lake."

"Anaitwa Juliana, umesikia wakimwita."

"Nimesikia. Wewe niambie."

Sajini akavuta pumzi, akasimama katikati, mgongo wa mzee upande mmoja na kaniki upande mwingine, na watu wa soko wakaanza kukusanyika kama kwenye mnada. "Anaitwa Juliana."

"Mwambie nimefurahi."

"Amefurahi."

"Mwambie baba," ilisema kaniki, "shikamoo."

"Anasema shikamoo."

"Marahaba! Mwambie marahaba. Mwulize alimfundisha lini."

Wote wawili walikuwa wakisikiana bila taabu, lakini hakuna aliyekubali neno lipite isipokuwa kwa sajini. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuwa na mashahidi waliomtegemea hivyo.

"Tangu tulipooana," alisema Juliana. "Aliniambia, siku baba atakapokuja, ufanye hivi. Hakusema kama atakuja. Alisema siku atakapokuja. Tulifanya mazoezi. Yeye anatoka nje, anakohoa mlangoni kizee, anaingia. Mimi nitoke asinione. Majirani walifikiri ananipiga, maana akikohoa tu mimi napitia dirishani."

Soko likacheka. Mzee naye akacheka, kicheko cha kuvunjika katikati.

"Akaninunulia hii nguo. Akasema iwe na wewe popote, hujui atatokea wapi. Nikamwambia, nitamjuaje? Akasema utasikia wanamwita."

Sajini akangoja mpaka mzee amalize kupangusa uso kwa kofia. Kisha akainama juu ya magunia. "Sasa mama, ya serikali. Yuko wapi?"

Kaniki ikajikaza.

"Sikiliza. Ninajua mchele uliko. Uko Makambako, uani kwa mwenye mashine ya kusaga, magunia yana uzi wa buluu, na mwenye mashine ni mnywaji mwenza wa Asukile. Ninajua mumeo alifika Mafinga amechubuka, bila viatu. Nisichokijua ni kilichotokea katikati. Nieleze."

Juliana akasema yote kwa pamoja, kama gunia lililokatwa uzi. Asukile alishusha mchele kwa mwenye mashine. Andendekisye akasema atamwambia Harilal. Asukile akasema sawa, twende wote Iringa tukamwambie, na kwenye mteremko kabla ya Mafinga akamsukuma nje lori likiwa kwenye mwendo. Andendekisye akafika nyumbani kwa miguu. Aliogopa. Nani angemsikiliza utingo mbele ya dereva? Tangu masika amekuwa akifyatua matofali bondeni, hatoki mchana.

"Na leo?"

"Hayupo. Jana alfajiri amepanda gari la mbao kwenda Mbeya."

"Mbeya! Kufanya nini?"

"Dereva mmoja alituletea habari. Alisema kuna sajini anatembea barabara nzima na mzee wa Tukuyu amemshika, kila kibanda cha chai anamkalisha chini na kumhoji." Juliana akaivuta kaniki zaidi. "Mume wangu akasema wamemkamata baba badala yangu. Akasema anakwenda kubadilishana naye."

Sajini Silvester alikaa juu ya kigoda kilichoanguka, kwanza akakisimamisha. Jana, mahali fulani kabla ya Mafinga, magari mawili yalikuwa yamepishana, baba kwenye moja, mwana kwenye lingine, na yeye alikuwa kati yao akifikiria andazi.

Mgongo wa mzee ulikuwa umeshuka ndani ya lile koti kubwa. Ndipo msichana mdogo, mwenye unga wa ulezi mpaka kwenye nyusi, akatoka kwa wale bibi, akamzunguka na kuchungulia chini ya kofia.

"Babu analia," aliwatangazia watu.

"Unaitwa nani wewe?" mzee aliuliza.

"Tupokigwe."

Sajini akaona kofia ikishuka polepole mpaka kifuani. "Mke wangu," mzee alimweleza, "marehemu, aliitwa hivyo." Akanyoosha kidole kimoja. Mtoto akakishika na hakukiachia, na hivyo ndivyo walivyoondoka sokoni: sajini mbele akikaza mwendo, mzee na mtoto nyuma yake, na Juliana mbali, upande wa pili wa barabara, ndani ya kaniki, watu wakimpisha kama msafara wa harusi.

Kituo cha polisi cha Iringa kilikuwa na simu moja, nayo ilitaka kuzungushwa, kubembelezwa na kutukanwa kwa kiasi. Mwishowe Koplo Liberatus wa Mbeya akasikika, sauti yake kama iliyotumbukia kisimani.

"Afande! Afadhali umepiga. Kuna mtu hapa ametuchosha tangu asubuhi. Kaja mwenyewe, miguu mitupu, anasema tumtoe baba yake ndipo aingie yeye. Namwambia hatuna baba wa mtu hapa. Anasema tunamficha. Amekagua hata choo."

"Mmemfunga?"

"Tumfungeje, afande, haingii ndani mpaka baba yake atoke. Lakini mkubwa amesema akija Asukile kumtambua, tumwandikie mashitaka. Asukile ameshaitwa, yuko njiani."

"Vizuri. Asukile akifika, mkaribishe kiti, mpe na chai. Akishaketi, mfunge."

"Nani? Asukile?"

"Huyo huyo. Halafu peleka askari wawili Makambako kwenye mashine ya kusaga kabla habari haijafika. Wahesabu magunia yenye uzi wa buluu, na yule karani wasimwache aendelee kukalia ushahidi. Mkubwa nitaongea naye mimi. Umeandika?"

"Nimeandika, afande. Na huyu wa choo?"

Sajini akageuka. Mzee Lutengano alikuwa amesimama katikati ya chumba, mtoto kwenye kidole. Nje, chini ya dirisha, ncha nyeusi ya kaniki ilionekana ukutani, imejibana mahali pa kusikia pasipo pa kuonekana.

"Mpe simu," alisema sajini. Akaukabidhi mkono wa simu kwa mzee. "Sema hapa. Sikiliza hapa. Yuko."

Mzee akavua kofia. Hakuwa na pa kuiweka, akamvisha mtoto, ikamfunika mpaka kidevuni. Akaushika mkono wa simu kwa mikono yote miwili na kuutazama kwanza, kana kwamba pengine angemwona mtu mle kwenye matundu. Kutoka ndani ya chuma kile sauti ikaita, ya mbali, ya mtu mzima, ikimwita baba kwa Kinyakyusa, "Tata? Tata?"

Mzee alifungua mdomo. Miaka yote alikuwa amepanga mambo ya kusema, mengine ya kusamehe, mengine ya kuombea msamaha, na sasa yote yalikuwa yamekwama mlangoni kwa wakati mmoja.

"Umekula?" aliuliza.

Sauti ikajibu jambo. Mzee akaitikia kwa kichwa, akasahau kwamba kuitikia kwa kichwa hakufiki Mbeya. Sajini akamgusa bega, akamnong'oneza aseme, aseme chochote, laini itakatika.

"Andendekisye," alisema mzee, kwa sauti ya juu, kwa sababu Mbeya ni mbali. "Nimefika kwako. Mkeo amenikimbia vizuri sana."